Chekechea ndani ya daladala: maswali tunayoulizwa kuhusu kuwatoa watoto wadogo matembezi Mtwara

Ninafundisha watoto wa awali kwenye kituo kidogo cha Magomeni, Mtwara mjini. Hatuna gari la shule. Hata hivyo kila muhula watoto wetu wanatoka: Mikindani, soko la samaki, ng'ambo ya Msangamkuu, na wanakwenda kwa miguu, kwa daladala au kwa kivuko kama watu wengine wote wa mji huu. Wazazi wapya huuliza maswali yale yale kila Januari, na siku hizi wanauliza pia walimu wa Lindi, Masasi na Newala. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa jinsi tunavyofanya sisi. Mengine tumejifunza kwa kukosea.

Kwa nini daladala? Si mchangishe tu mkodi gari?

Tulishawahi kukodi. Mchango ule ulikuwa unawabakiza nyumbani watoto wale wale kila mara: wa mama anayekaanga samaki barazani, wa baba ambaye korosho zake ziko ghalani na pesa haijaingia. Mtoto wa miaka mitano anajua kabisa kwamba wenzake wamekwenda na yeye kabaki. Nauli ya daladala kituo chetu kinaweza kuibeba chenyewe, na habaki mtu.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu mimi ni kubwa zaidi. Gari la kukodi humchukua mtoto mlangoni na kumshusha mlangoni, na katikati hapo hakuna alichofanya isipokuwa kukaa. Kwenye daladala anasubiri kituoni, anapanda, anaamkia, anampisha bibi mwenye kapu, anatoa nauli kwa mkono wake, anasikiliza mtu akisema "shusha", anashuka. Nusu ya somo iko njiani, na mwalimu anayeikata njia amekata nusu hiyo.

Hofu ya wazazi naijua. Julai 2022 mji huu ulizika watoto wa shule waliokufa kwenye ajali ya gari lililokuwa likiwapeleka masomoni. Mzazi anayeniambia "mwalimu, mimi naogopa" simkatishi wala simharakishi. Namwonyesha tunavyofanya, na nikiona bado moyo wake hautulii namwomba aje nasi safari hiyo, awe mmoja wa watu wazima. Majibu yote yanayofuata nimeyaandika nikimfikiria yeye kwanza.

Mnaanza na watoto wa umri gani?

Miaka minne kwenda juu kwa daladala. Wa mitatu tunawatembeza mtaani tu: kwa fundi cherehani, kwenye mashine ya kusaga, kwa mama wa vitumbua. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo nayo ni safari ndefu.

Kila mtu mzima anashika watoto wangapi?

Darasani kiwango cha serikali kwa elimu ya awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Hicho ni kiwango cha darasa lenye kuta na mlango. Barabarani kisahau kabisa.

Sisi tunakwenda na watoto 9 na watu wazima 4. Watatu kati ya hao wana watoto watatu watatu kila mmoja, na anawajua kwa majina, sura na tabia. Wa nne hana mtoto wa kumshika hata mmoja. Tunamwita "mikono mitupu". Yeye ndiye anayebeba begi, anayezungumza na konda, anayesimamia nauli, anayepanda wa kwanza na kushuka wa mwisho, na likitokea lolote ndiye anayeondoka kwenda kulishughulikia huku wale watatu wakibaki na watoto wao. Nimeona shule zikitoka na walimu watano wazuri, wote mikono imejaa watoto, na siku mtoto mmoja alipoanguka na kupasuka kidevu hakukuwa na wa kumkimbiza hospitali bila kuacha watoto wengine wakizagaa. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja ungechukua kwenye ukurasa huu wote, chukua huyo mikono mitupu.

Kwa nini tisa? Kwa sababu watoto tisa na watu wazima wanne wanaenea kwenye Hiace moja na abiria wengine bado wanapata nafasi. Darasa la watoto 27 linatoka kwa siku tatu tofauti. Walimu wenzangu wananiambia huko ni kujichosha. Kweli inachosha. Lakini darasa zima likitoka kwa mara moja, linagawanyika kwenye magari mawili bila wewe kutaka, na moja likitangulia huna namna ya kulisimamisha.

Watu wazima si lazima wote wawe walimu. Mama, shangazi, babu aliyestaafu, wote tunawachukua, mradi tunawafahamu na wamekuja siku moja kabla kukaa na watoto wao watatu. Mtu mzima asiyemjua mtoto kwa jina hawezi kumwita akikimbilia barabara.

Ruhusa anasaini nani?

Mzazi au mlezi anayeishi na mtoto. Karatasi yetu ni ya ukurasa mmoja: tunakwenda wapi, siku gani, kwa usafiri gani, saa ya kutoka na ya kurudi, namba ya simu inayopatikana siku hiyo, na maradhi ya mtoto. Neno "daladala" au "kivuko" liandikwe waziwazi. Usiandike "usafiri" tu, mzazi akaja kujua baadaye kwamba mwanawe alivuka maji.

Hapa kwetu Kusini kuna jambo la kuongeza. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana sauti yake juu ya mtoto. Tena watoto wengi wanalelewa na bibi. Imewahi kutokea mama kasaini, asubuhi mjomba kafika kituoni kasema mtoto haendi baharini. Hatukubishana naye. Tulimkalisha, tukamweleza, mtoto safari hiyo akabaki, na iliyofuata mjomba mwenyewe akaja kama mtu mzima wa nne. Tangu hapo, mtoto anapoandikishwa, tunauliza mapema: mambo makubwa ya huyu mtoto anaulizwa nani?

Bibi asiyejua kusoma tunamsomea karatasi yote, kisha anaweka dole gumba. Kumpa tu wino akabonyeza si ruhusa.

Ofisi za serikali zijulishwe?

Ndiyo. Shule ya awali iandikie ofisi ya elimu ya halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu, na kituo cha kulelea watoto mchana kimjulishe afisa ustawi wa jamii. Barua iende mapema, nakala ubaki nayo. Ukipata ofisa anayeuliza matembezi yana faida gani kwa watoto wadogo hivi, mkumbushe kwa adabu kwamba programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja ujifunzaji wa awali na ulinzi na usalama miongoni mwa maeneo yake matano. Safari iliyopangwa vizuri inagusa yote mawili.

Saa ngapi ni nzuri kupanda daladala na watoto?

Kuanzia saa 3 na nusu asubuhi. Kabla ya hapo magari yamejaa wanafunzi na watu wa kazini, na konda hana subira na mtu yeyote. Kurudi, tuwe ndani ya gari kabla ya saa 6 kasoro robo. Baada ya hapo jua linakuwa kali, watoto wanachoka, na mtoto aliyechoka hasikii maelekezo.

Ijumaa hatutoki, maana kuelekea swala mji unabadilika mwendo na baadhi ya watu wazima wetu wanahitaji kwenda msikitini. Mwezi wa Ramadhani tunabaki kwenye matembezi ya karibu: watoto hawajafunga, lakini wanaowashika wamefunga.

Nauli ya watoto ni kiasi gani, na konda akikataa kuwapakia?

LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ilipotangaza nauli mpya Desemba 2023, nauli ya mtu mzima kwenye daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600, na ya mwanafunzi ikabaki 200. Nauli hubadilika, kwa hiyo uliza kwanza ni ipi inayotumika siku hiyo. Utaratibu wa kubembeleza tulishauacha. Siku moja kabla, mikono mitupu anakwenda kituoni, anakaa dakika kumi na madereva wa gari za Mikindani, anawaambia: kesho saa 3 na nusu nina watoto tisa na watu wazima wanne, watoto wanakaa kwenye siti, nani anatuchukua? Mara nyingi wawili watatu hujitokeza, kwa sababu saa ile gari zinaondoka nusu tupu.

Ugomvi hutokea konda akisema, "Mwalimu, hawa wamejaza siti, lipa za wakubwa." Jibu letu ni kwamba tutalipa nauli ya mwanafunzi kwa kila mtoto, hata kwa yule mdogo ambaye angepakatwa bure, na tunalipa tukiwa bado chini. Konda anayeona pesa kamili mkononi, imehesabiwa, haikosi mia, huwa anafungua mlango. Akikataa tunasubiri gari lingine. Hatupandi gari la mtu aliyekasirika.

Na wafundisheni watoto kumwamkia. Tisa wakisema "shikamoo" kwa pamoja, kijana wa miaka ishirini aliyezoea kufokewa tangu alfajiri anaitika "marahaba" na uso unabadilika. Nimeliona mara nyingi sana. Kuanzia hapo anawabeba mmoja mmoja kuwapandisha, na njiani anamwambia dereva apunguze.

Ndani ya gari wanakaaje?

Wote wakae, hakuna wa kusimama, hakuna wa kukaa siti ya mbele karibu na dereva. Sisi tunachukua siti za katikati na nyuma. Kila mtu mzima yuko upande wa nje, watoto wake wako upande wa dirisha, na dirisha halifunguliwi kupita upana wa ngumi ya mtoto. Mlango wa kuteleza ni wa kuogopwa: vidole vinabanwa pale. Wimbo wetu wa kupanda una mstari unaowataka waweke mikono tumboni, na konda hafungi mlango mpaka wimbo ufike hapo.

Gari ambalo konda ananing'inia mlangoni, gari lenye tairi kipara, gari ambalo dereva ana simu sikioni, hatupandi. Tukiwa tumeshapanda na mwendo ukazidi, mikono mitupu anasema kwa sauti, "Dereva, una watoto humu." Asipopunguza, tunashuka kituo kinachofuata na nauli tunaisamehe. Tumefanya hivyo mara moja. Wale watoto walimwona mtu mzima akikataa mwendo wa hatari, na huenda somo la siku ile lilikuwa kubwa kuliko la Mikindani.

Kushuka: hapa nchini tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa daladala unatazama pembeni mwa barabara. Watoto wakishashuka hawavuki. Wanasogea pembeni hatua tano, wanashika kamba, gari linaondoka kabisa, ndipo tunatazama. Watoto wengi hugongwa wakichomoka mbele ya gari lililowashusha, mahali ambapo dereva anayekuja haoni kitu.

Hiyo kamba ni kamba gani?

Kamba ya katani yenye mafundo tisa, kila fundo lina kitambaa cha rangi yake. Mtoto ana rangi yake tangu darasani. Kwa mbali unaona rangi ipi haina mkono.

Mnawahesabu vipi?

Nieleze kwa nini naijibu hii kwa urefu. Mwaka wangu wa pili kituoni tulirudi kutoka Mikindani, tukashuka, nikaanza kuwapanga watoto ili tuvuke. Tulikuwa tumewahesabu wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka tulikuwa na haraka, mvua ilikuwa inaanza, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake amehesabu. Gari likaondoka. Mtoto mmoja alikuwa amelala siti ya nyuma kabisa, amejikunja nyuma ya ndoo ya abiria. Konda alimwona kituo kilichofuata, akashuka naye, akamrudisha kwa miguu akiwa amembeba begani, bado amelala. Zilipita dakika chache tu. Nilikwenda jioni ile nyumbani kwao nikamweleza mama yake mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Mpaka leo nikisikia mlango wa Hiace ukifungwa nageuka kutazama nyuma.

Tangu siku ile tunahesabu mara nne: kabla ya kupanda, wakishakaa, kabla ya kushuka, na wakishashika kamba. Kila mtu mzima anahesabu watatu wake na kusema "tatu" kwa sauti. Halafu mikono mitupu anawahesabu wote tisa kwa kuwagusa kichwani. Hesabu ya macho peke yake haitoshi, kwa sababu watoto husogea na unaweza kumhesabu mmoja mara mbili. Na mikono mitupu hashuki mpaka ameinama na kutazama chini ya kila siti.

Bajaji je? Na bodaboda?

Bodaboda hapana, hata mtoto mmoja, hata karibu. Bajaji ina leseni ya abiria watatu na haina mlango, kwa hiyo tunaiweka akiba kwa dharura tu: mtoto akiumwa, mtu mzima mmoja anampeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Weka namba ya dereva wa bajaji unayemwamini kwenye simu kabla hujatoka.

Kivuko cha Msangamkuu ni salama kwa watoto?

MV Mafanikio, kati ya Msemo na Msangamkuu, kwa watoto wetu ndiyo safari wanayoisubiri mwaka mzima. Maji ni mapana kiasi cha kumfanya mtoto anyamaze, na safari ni fupi kiasi kwamba hawahi kuchoka. Wanaona magunia, kuku, baiskeli na pikipiki, wanaona mji wao kutoka upande ambao hawajawahi kuutazama. Mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwetu kumekwenda wapi?" Tulikaa kwenye swali hilo wiki nzima.

Hofu ya maji nayo ina sababu. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimezidisha abiria, na watu zaidi ya 200 walikufa. Kwa hiyo masharti yetu ya majini ni makali kuliko ya barabarani. Mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, hivyo kwa watoto wanane tunakuwa watano, pamoja na mikono mitupu. Angalau wawili kati yetu wanajua kuogelea. Kabla ya kukata tiketi tunauliza majaketi ya kujiokolea yanayowatosha watoto yako wapi, na watoto wanayavaa. Hayawekwi tu miguuni. Kivuko kikionekana kimejaa, tunasubiri kinachofuata. Kupanda na kushuka, magari yanapita kwanza yote, sisi mwisho. Tukiwa juu tunakaa, mbali na kingo.

Mitumbwi na boti ndogo zinazovusha watu haraka hatupandi na watoto kwa hali yoyote, hata kama mwenye boti ni baba wa mmoja wao.

Miezi ya Juni mpaka Agosti kusi linavuma, na kadiri mchana unavyosogea bahari inachafuka. Miezi hiyo tunavuka asubuhi, na bahari ikiwa imechafuka tangu asubuhi tunaahirisha. Waulize wavuvi pale pale. Mzee akitazama maji akatikisa kichwa, rudi nyumbani.

Walimu wa Lindi, nasi je?

Kwenu mna kivuko cha Kitunda kinachokatiza ghuba, na yote niliyoyasema ya Msangamkuu yanawahusu. Naombeni kitu kimoja: msiwachukue watoto wa chekechea kwa basi kutoka Lindi mpaka Mtwara na kurudi siku moja. Ni zaidi ya kilomita 100 kwenda tu. Mtoto anafika amechoka, anatapika, hakumbuki chochote. Mna ghuba, mna mdomo wa mto Lukuledi, mna mikoko. Vyote viko mlangoni.

Huko Mikindani watoto wadogo wanaona nini cha maana?

Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka mjini na gari zake ni nyingi, ndiyo maana tunaipenda. Mkubwa ataelezwa kwamba boma la Wajerumani pale kilimani lilijengwa 1895, na kwamba David Livingstone alipita hapo 1866 akianza safari ambayo hakurudi nayo akiwa hai. Mtoto wa miaka mitano hayo hayamshiki. Kinachomshika ni mbuyu. Tunauliza: watoto wangapi wakishikana mikono wataweza kuuzunguka? Wanajaribu. Tisa hawatoshi, wanawaita watu wazima, nao bado hawatoshi, mpita njia anaongezwa. Hiyo ni hesabu, tena ni hesabu ambayo hawaisahau.

Halafu milango ya zamani yenye nakshi. Kila mtoto anachagua ua moja kwenye ubao, analifuata kwa kidole, na kesho yake analichora kwa mkaa. Kisha ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Hapo inabidi kupanga siku: wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hukupwa mbali sana na watoto wanakuta kaa, konokono na madimbwi yenye samaki wadogo wa kutazama. Ukienda maji yamejaa hakuna cha kuona wala mahali salama pa kusimama. Mzazi mvuvi atakuambia saa kamili kuliko kitu kingine chochote.

Usijaze mambo zaidi ya matatu. Tulipowahi kupanga matano, watoto walikumbuka embe walilokula.

Mvua ikinyesha?

Mvua zetu ni kati ya Desemba na Aprili. Miezi hiyo tunapanga tarehe na akiba yake. Wingu likitanda saa 2 asubuhi tunabaki, hata kama watoto wanalia. Juni hadi Oktoba ni kukavu, hapo ndipo tunatoka zaidi, kwa kofia na maji.

Chakula, kutapika, haja?

Uji mwepesi saa 1 na nusu, usiwe wa mafuta. Njiani viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi. Karanga na korosho nzima hatuwapi kabisa safarini. Gari likiruka kwenye shimo, punje inaingia njia ya pumzi. Tena wako watoto ambao korosho zinawavimbisha midomo, na katika mkoa wa korosho kila mpita njia mwema anataka kumpa mtoto konzi moja. Mwambie asante, nitamwekea.

Anayetapika akae katikati, atazame mbele, kichwa kisiinamie kitu. Begi la mikono mitupu lina mifuko, vitambaa, maji lita 5, sabuni, nguo za akiba mbili, poti dogo na kanga ya kumzungushia mtoto. Wote wanakwenda haja kabla ya kutoka, wanaotaka na wasiotaka.

Mtoto wangu ana selimundu. Ana pumu. Ana kifafa. Hatembei vizuri. Abaki?

Asibaki. Tuambie tu, na utuambie kabla.

Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara bila kusubiri kiu, asipigwe na upepo wa kivuko bila sweta, asikimbizwe. Akisema mguu unauma hatumwambii ajikaze. Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni kwa mtu wake mzima, isiwe chini ya begi. Mwenye kifafa, mtu wake mzima ajue: mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, tazama saa. Mtoto asiyetembea vizuri anapata mtu mzima wake peke yake, na konda anaambiwa tangu jana yake. Tulikuwa na msichana anayetumia kiti cha magurudumu cha kukunjwa. Makonda wa njia ya Mikindani walimjua kwa jina kabla ya kunijua mimi.

Akipotea?

Wote wanasimama, watoto waliobaki wanakaa chini wameshika kamba. Mikono mitupu anarudi mahali alipohesabiwa mara ya mwisho. Watoto wamefundishwa na kuigiza mara nyingi darasani: ukiona huoni rangi za kamba, simama hapo hapo, usitafute, taja kwa sauti jina la kituo. Wanavaa fulana za njano. Jina la mtoto haliandikwi nje ya nguo, kwa sababu mtu mbaya akilisoma anamwita kama ndugu. Namba ya simu ya kituo imeandikwa kwa maka peni ndani ya mkono wake. Dakika tano zikipita tunapiga polisi 112 na kumpigia mzazi, bila kungoja kuona kama atapatikana kimya kimya. Namba 116 ya huduma kwa mtoto nayo iwe kwenye simu ya kila mtu mzima.

Mwanangu amepanda daladala tangu yuko mgongoni. Anajifunza nini kipya?

Mgongoni kwako alikuwa mzigo wako, mama, nasema kwa mapenzi. Ulilipa wewe, ukaomba kushuka wewe, ukatazama barabara wewe. Akiwa nasi ana shilingi 200 mkononi mwake na anajua zinakwenda kwa nani. Tunamwambia atazame dirishani aone mnara, aone bahari ikija, kwa sababu akiona bahari vituo vinakuwa vimebaki vichache. Anaanza kuijua njia. Wiki chache baadaye wazazi wananiletea habari: yupo aliyemzuia baba yake asivuke mbele ya gari, yupo aliyembishia bibi yake kwamba kituo chao bado.

Mkirudi mnafanya nini?

Siku hiyo wanakula na kulala. Kesho yake hatuwaambii wachore wala wasimulie. Tunaviacha viti katikati ya chumba na kusubiri. Haipiti nusu saa vinapangwa mistari mistari, mmoja anachukua sufuria kuwa usukani, mwingine anapiga ubao kwa kiganja na kuita "Mikindani, Mikindani, siti zipo!" Wanalipana vizibo vya soda. Mara ya mwisho aliyekuwa konda, mtoto wa miaka minne ambaye darasani hasemi neno, aliwasimamisha wote mlangoni, akawagusa kichwa mmoja mmoja akihesabu mpaka tisa, kisha akainama kutazama chini ya viti.